Vita vya Baba Pacha na Ukuta Mbichi wa Bafuni

Sogeeni, enyi mliooga leo na mnaotaraji kuoga kesho, mnyamaze nizisimulie siku kumi na mbili alizopigana Baba Pacha, jemadari wa mwiko na karai, na ukuta mbichi wa bafuni kwake.

Naye aliingia vitani na doa. Mwaka jana, kwa haraka yake, alibandika vigae juu ya ukuta uliolowa. Kikabanduka kimoja, kikamponda mama mkwe wake kidole cha mguu. Mama akaapa: "Kikianguka tena hata kimoja, nahamia kwa mwanangu mdogo, na watu watajua kwa nini."

Basi shujaa akabandua vyote, akasimika feni mlangoni ivume kutwa kucha, akagandisha nailoni ukutani kwa utepe pande zote nne. Ikikauka kwa ndani, ushindi. Ikitoa jasho, ukuta ungali na maji.

Siku ya nne, jasho. Siku ya saba, jasho. Siku ya tisa jasho likatiririka, na nyumba nzima bado inaoga kwa jirani.

"Ewe ukuta!" akanguruma. "Nimekupa upepo, nimekupa subira, nawe wanilipa maji! Kesho nakupasua!"

"Baba Pacha," mkewe akaita toka jikoni, "ukimaliza kuhutubia, chai inapoa."

Siku ya kumi akatoka kazini mapema, nyundo begani. Akafungua mlango, lo! Mbele ya feni, juu ya kamba, shuka mbili, taulo tatu, na nguo za ndani za mama mkwe, zikichuruzika, zikipepea kama bendera za adui.

Shujaa akainua macho darini. Kuzigusa hawezi, kuzitaja hawezi.

"Mama," akasema, "jeshi hili limepiga kambi tangu lini?"

"Tangu ulete feni, mwanangu. Na mvua hizi, uani hazikauki. Jioni naanua nisikuzibie njia. Nikasema moyoni, mkwe wangu kanikumbuka, kaniletea upepo."

Hapo nyundo ikashuka begani yenyewe. Kuna majeraha ambayo jemadari huyameza.

"Ni wako, Mama. Ila humu kuna vumbi la saruji. Kamba nitakufungia chumbani kwetu, na feni ya pili nitaazima."

Siku ya kumi na mbili nailoni ikabanduliwa, kavu kama kauli ya hakimu. Kigae cha kwanza kikapanda. Kesho yake mama mkwe akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akakivuta kwa mikono miwili hadi kilemba kikamlegea.

"Kimeshika," akatamka.

Na iandikwe katika tarikhi za mataifa: siku hiyo, kabla ya adhuhuri, kigae kilikaa ukutani, na mama mkwe akakaa nyumbani.