Bushiri Si Mtu wa Akida

Jumatatu, 4 Rajabu 1323. Mkongo.

Wewe Mwanamina, mke mwenzangu! Tangu upate mume wa Kibiti umesahau njia ya kwetu? Mpunga tumevuna, tumetwanga, tumekula, hujatokea. Basi haya utayasoma siku utakapoona aibu. Na mwandiko usiucheke. Shule sikuiona, herufi hizi alinifundisha babu yako.

Habari ni hii: jumbe wetu kakimbia vita. Ijumaa wazee wanachagua mwingine. Nimeamua awe kaka yako Bushiri. Akiukosa ujumbe, akida anamrudisha Mohoro kusimamia shamba la pamba la Mdachi, na huko waliokunywa maji ya vita wanawachinja wasimamizi kama kuku. Mjukuu wa kiume ninaye huyo mmoja. Hafi mtu!

Taabu moja tu. Mkongo nzima inajua ni mtu wa akida. Dawa yake: tusiseme.

Jumanne, 5 Rajabu.

Nimempa mpiga mbiu kambale mkavu, mnono. Atangaze: Bushiri, mjukuu wa Mwajabu, kijana mpole, mlimaji hodari. Akida asitajwe!

Katangaza vizuri mpaka kwa jirani. Jirani kamuuliza, ni Bushiri yuleyule aliyekuwa akimgongea mumewe mlango alfajiri kule Mohoro aende kwenye pamba? Mpumbavu kajibu kwamba hilo kakatazwa kulisema. Kambale wangu kaliwa bure.

Jumatano, 6 Rajabu.

Nimemvua Bushiri kofia nyekundu aliyopewa na akida. Balaa! Imemwachia mstari kwenye paji la uso, hata kipofu angeuona. Nimemfunga kilemba hadi kwenye nyusi. Analalamika haoni mbele. Nikamwambia, mume wangu, tulia, unagombea ujumbe, huendi kuwinda.

Mshindani wake ni Haruni, mtoto wa Tatu. Huyo kanywa maji, nani asiyejua? Lakini mbiu yake nayo haisemi. Eti mvuvi mtulivu! Shingoni ana kile kipande cha tete chenye dawa ya vita, na kukivua hataki. Basi mama yake kamzungushia shuka hadi kidevuni, kwa jua hili! Tatu mwizi. Kaniibia akili.

Ijumaa, 8 Rajabu.

Baada ya swala, barazani. Wangu hana paji, wa Tatu hana shingo. Wamekaa kama majeruhi.

Imamu kawauliza: askari wa Mdachi wakija, mtawalisha au mtawapiga? Bushiri kasema atawasikiliza wazee. Haruni kasema naye atawasikiliza wazee. Imamu kasema basi nendeni nyumbani mkafunguliwe vidonda, wazee tupo. Watu walivyocheka! Hata mimi, kidogo.

Hapo kanyanyuka Sadala mkata boriti, muoga anayemkimbia hata kiboko aliyekufa. Kasema waziwazi: yeye si wa Mdachi wala si wa maji, anawaogopa wote wawili. Wakimpa ujumbe, kesho anawapeleka mikokoni na watoto wao mpaka bunduki zinyamaze.

Kapewa! Wanawake vigelegele, Tatu naye kapiga. Nimekwenda nyuma ya nyumba nimelia. Bushiri wangu wa Mohoro huyo.

Jumapili, 10 Rajabu.

Tuko mikokoni, kijiji kizima. Tope mpaka magotini, mbu kama mvua. Bushiri alipiga kasia kichwa wazi, na mbele yake Haruni, tete lake nje. Hakuna aliyewauliza kitu. Akida hawezi kufika huku. Leo kaka yako kala, kalala, anakoroma.

Tatu kaniambia tumshukuru Sadala. Nimshukuru! Aliyeninyang'anya ujumbe mdomoni? Ila kosa letu nimelijua: tulificha vibaya. Huku atatakiwa mkubwa wa kugawa maji ya kunywa. Nimeshaanza kumfundisha Bushiri kutetemeka. Atasema yeye ni muoga kuliko Sadala.

Karatasi hizi nampa mkata boriti anayepita Kibiti. Basi ukija, usiende Mkongo, hakuna mtu. Shika njia ya Nyamisati, wakata boriti watakuvusha. Lete chumvi. Na wakikuuliza kaka yako ni mtu wa nani, sema hujui, kisha na wewe utetemeke.