Penalti Iliyokwisha Kuingia

Idara ya Mabao Rasmi ilifurahi kuwatangazia wananchi wa Embu kwamba Jumamosi Mheshimiwa Waziri wa Kaunti angefungua mashindano ya vijana kwa kupiga penalti, na kwamba penalti hiyo ilikuwa imekwisha kuingia. Kilichobaki ni utekelezaji tu.

Utekelezaji aliachiwa Bwana Njuki, afisa wa itifaki. Alikuwa ameahidiwa ukurugenzi, na kila asubuhi alijiamkia "Mkurugenzi" mbele ya kioo. Desturi aliijua: kipa anaruka kushoto, mgeni wa heshima anapiga kulia, soda zinafunguliwa.

Shida ilikuwa kocha. Mugendi alicheza beki ligi kuu miaka kumi na saba. Washambuliaji waliomgonga walistaafu, wengine wakawa wachungaji, yeye bado yuko uwanjani. Sasa alifundisha watoto somo moja: mpira haupiti.

Njuki akashika kipaza sauti. Atakayezuia penalti ya Mheshimiwa, bila kujali cheo, angehamishiwa kwenye bwawa la Kiambere siku hiyo hiyo, akasimamie mashindano ya kuogelea na mamba.

"Kocha, ambia huyu msichana aruke kushoto," akaagiza.

Kipa Wawira, mtoto wa darasa la sita, akamkazia macho. "Na Mheshimiwa akipiga huko huko?"

"Hawezi. Tulishapanga kwa mkutano."

Mugendi akakuna kichwa. "Bosi, kuzuia naijua. Hii ya kuachilia sikufunzwa. Si wewe uwaonyeshe?"

Njuki aliona hilo ni wazo la kitaalamu. Akavaa glavu za Wawira, zikambana, akasimama golini na suti yake.

Mheshimiwa akaja mbio. Kiatu kikateleza kwenye matope, mpira ukaenda kushoto. Njuki, mtumishi mwaminifu, alikuwa amekwisha kuruka kushoto kulingana na ratiba. Mpira ukamfika kitambini, ukatulia.

"Irudiwe!" akalia.

Mara hii alijilaza chini kifudifudi, asimzuie mtu. Mheshimiwa akapiga mpira wa kutambaa. Ukamgonga kisogoni, ukarudi ulikotoka.

Akina mama wakapiga vigelegele, vijana wakamwinua Njuki mabegani. Hakuwahi kupendwa hivyo maishani, na alitamani kufa.

"Miaka kumi na saba," Mugendi alinung'unika kwa wivu, "na mimi hakuna aliyenibeba."

Mheshimiwa, kiatu mkononi, akaomba kipaza sauti. "Amri ya idara," alisema, "itekelezwe."

Wawira akavuta suruali ya shujaa. "Bosi, glavu zangu. Za mamba utapewa Kiambere."