Viazi vya Tomlinson na Udongo wa Kununua

Lascelles Pinnock alikuwa anamalizia sahani yake ya samaki wa chumvi kwenye kibanda cha chakula, pembeni mwa soko la Coronation, redio ilipotangaza kwamba polisi sasa watawanasa wezi wa viazi vikuu kwa kinu cha nyuklia. Udongo ulioganda kwenye kiazi, alisema mtangazaji, utapelekwa chuo kikuu hapa hapa Kingston, utatiwa kinuni, na utaeleza wenyewe umetoka shamba gani. Wateja wengine waliendelea kutafuna. Lascelles aliweka uma chini, akanyoosha tai. Mtu ambaye hajawahi kushika jembe maishani mwake alikuwa ameona mavuno.

Saa hiyohiyo akamwendea Tomlinson, mfanyabiashara wa jumla mwenye tumbo la heshima na lori lisilouliza maswali. Viazi vyake vingine alivinunua kihalali. Vingine vilimfikia bila wenyewe kuagana navyo.

"Bosi, umesikia redio?"

"Nimesikia. Upuuzi mtupu."

"Upuuzi huo utakufunga miaka mitatu. Sikiliza. Kile kinu kinapiga udongo kwa chembe zisizoonekana. Kila elementi iliyomo inaitika kwa sauti yake: chuma, arseniki, kadimiamu. Udongo wa Manchester, ile yetu ya milimani unakotoa viazi vya usiku, una kadimiamu ya kumwaga. Wakiisikia kwenye viazi vyako, kwaheri."

Ajabu ni kwamba yote haya yalikuwa kweli. Lascelles alikuwa fundi. Uongo wake haukukosa msingi.

"Basi nitavisugua."

"Viazi visafi kama mtoto wa ubatizo? Hakimu atacheka mpaka miwani imdondoke! Visugue, halafu uvipake udongo wa wilaya ya St. Elizabeth. Wekundu uleule, jicho halijui tofauti. Kinu kitasema St. Elizabeth, nawe utasema, si niliwaambia?"

Tomlinson akajikuna kidevu. "Na huo udongo unao?"

"Magunia kumi, bosi. Umepimwa na wataalamu."

Hakuwa na hata kijiko kimoja. St. Elizabeth ilikuwa mbali, jua kali, na kwa maoni yake udongo ni udongo. Akazunguka sokoni hadi akamkuta Miss Icilda Facey, mama wa makamo aliyeteremka na basi kutoka hukohuko Manchester, akiuza mafungu machache ya karoti.

"Mama, unaweza kuniletea udongo mwekundu? Magunia kumi, nitakulipa vizuri."

"Wa kupandia nini, mwanangu?"

"Maua. Bosi wangu Tomlinson anapenda sana maua."

Miss Icilda akazipanga upya karoti zake. Wiki iliyopita alikuta shamba lake lote la viazi limefukuliwa, kazi ya mwaka mzima, akaketi juu ya tuta akalia kama aliyefiwa. Jirani yake alikuwa ameliona lori la Tomlinson likiteremka. Na yeye pia, kwa taarifa yako, alikuwa na redio.

"Maua yanataka udongo mzuri," alisema. "Nitakuchimbia mimi mwenyewe."

Akachimba kwenye mashimo yaleyale walimofukua wezi. Alipokwisha kuyakabidhi magunia, alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi.

Siku mbili baadaye lori lilikamatwa limejaa pomoni, kila kiazi kimepakwa udongo kwa uangalifu wa mama anayempaka mtoto mafuta. Polisi wakachukua udongo wa kwenye viazi, wakachukua na wa shambani, wakaupeleka wote kinuni.

Mahakamani, Dokta Samuda wa chuo kikuu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alifungua karatasi zake.

"Nimepima viazi arobaini. Chuma, arseniki, kadimiamu, kila kitu kinalingana. Vyote arobaini vina udongo wa shamba la Miss Facey. Kusema kweli, sijawahi kuona sampuli zikifanana hivi."

"Uongo!" Tomlinson aliruka. "Nusu ya viazi vile nilinunua Trelawny! Risiti ninazo!"

"Basi udongo wa Manchester ulifikaje kwenye viazi vya Trelawny?" hakimu aliuliza kwa upole.

Tomlinson akageuka kwa hasira. Kisha kidole chake kikaelekea benchi la nyuma, alikoketi Lascelles, aliyekuja kutafuta wateja wapya.

"Muulizeni huyo! Aliniambia ni wa St. Elizabeth! Tapeli mkubwa wewe!"

Lascelles alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, mimi nimeuza udongo tu. Kuuza udongo ni kosa?"

"Inategemea ulikuwa wa kuficha nini. Kaa chini. Hapana, si hapo. Pale, kando ya rafiki yako."

Hukumu zilipokwisha kusomwa, hakimu alimgeukia Miss Icilda. "Bibi Facey, viazi vyote hivi ni vyako?"

Mama akalitazama kupitia dirisha lundo la viazi kwenye lori, pale uani. Lilikuwa mara mbili ya mavuno yoyote aliyopata kuyaona. Na alikuwa ameapa kwa Biblia, kwa hiyo alichagua maneno.

"Mheshimiwa, udongo wote ni wangu."

Lori zima likaamriwa lielekee milimani. Lascelles, pingu mikononi, alisimama mbele ya Miss Icilda akainamisha kichwa, kama fundi kwa fundi mwenzake.

"Mama, tungekutana mapema tungefika mbali."

"Mimi nina shamba la kuangalia," alisema Miss Icilda, akipanda lorini na kuketi kando ya dereva. "Nawe usihuzunike. Nasikia gerezani kuna bustani."