Njia ya Shimo la Tatu

Kasulu, Jumatatu, 2 Agosti 1976

Kwako Immakulata,

Wiki ya gofu imeanza. Wazungu wa Kibondo wamekuja kushindana kirafiki na wazungu wetu wa hapa mpaka Jumamosi. Atakayeshinda anapewa birika lenye kibonyeo ubavuni.

Nimeamka mapema kutengeneza mashimo. Unakumbuka, majani yetu ni mabaya, kwa hiyo kila shimo linazungukwa na mchanga. Naumwagia oili chafu ya magari, kisha nausawazisha kwa gunia. Ulikuwa huniruhusu kushika unga kabla sijanawa mara mbili. Bado nanawa mara mbili, ingawa hakuna wa kunikagua.

Habari mbaya. Bwana Pitasi, yule mjenzi wa barabara ambaye ndiye mwenyekiti wa klabu, ametuita. Amesema njia ya miguu inayokatiza penye shimo la tatu inamharibia mchezo. Yeye ameinua fimbo, watu wanainama, wanapiga makofi, wanasalimia. Wageni wakisumbuliwa wiki hii, Jumatatu ijayo anaifunga kwa seng'enge. Nimeiona stoo. Ni mpya.

Ndiyo njia yangu ya kuja makaburini kwako. Ya kuzungukia darajani ipo, lakini goti langu unalijua. Ningemweleza. Ila nikianza kukutaja, sauti hunitoroka. Nimesema, ndiyo bwana. Kisha nikaanza kupanga.

Athuman wa baa ya klabu, yule wa Ujiji, amenitazama akasema, "Mzee Nestori, ukinyamaza hivyo najua kuna kitu kitaharibika."

Jumanne, 3 Agosti

Mpango: watu wapite kimya. Rahisi kabisa.

Nimemwendea dada yako Maximilla, maana wanawake wa ng'ambo, wanaopita pale wakitoka mashambani, humfuata yeye. Nikamwambia asisalimie uwanjani. Ameniuliza kama ninaumwa. Ameuliza wale wazungu wamemkosea nini hata awapite kama mbuzi anavyompita mbuzi. Mtu ukimkuta kazini, unampa pole ya kazi. Nikamwambia ile siyo kazi. Akasema, shemeji, wanatoka jasho, wanainama, wanatafuta kitu. Ni kazi hiyo.

Nikakukumbuka. Ulisema kazi yao ni kupoteza kitu kwa makusudi ili wapate cha kutafuta.

Mwishowe amekubali. Jioni Bwana Pitasi ameinua fimbo, na Maximilla huyo, jembe begani, kimya. Nikafurahi mapema. Hatua chache tu, ikamshinda. Ameweka jembe chini, ameinama, amepiga makofi, ameomba radhi kwa kutaka kupita bila salamu, kisha akaanza salamu yenyewe tangu mwanzo. Salamu ya kuomba radhi ni ndefu kuliko ya kawaida. Mpira umeingia kwenye mihogo.

Jumatano, 4 Agosti

Mpango mpya. Wachezaji wamalize shimo la tatu haraka, waondoke kabla wanawake hawajatoka mashambani. Nimemwaga oili mara tatu ya kawaida ili mipira iteleze.

Haikuteleza. Ilinasa. Bwana Pitasi amepiga magoti kuuchomoa wake na akainuka na magoti meusi. Wamekaa pale muda mrefu kuliko siku zote. Wanawake wakawakuta. Wakatoa salamu, kisha wakaongeza pole ya magoti.

Athuman alikuwa amewaletea chai. Viatu vyake vyeupe sasa vina rangi mbili. Akaninong'oneza kwamba tangu azaliwe amekaanga samaki, ndizi na mihogo, lakini hajawahi kuona mtu akikaanga wazungu.

Hata hivyo jioni amenipa kipande cha sabuni ya baa. Amesema mikono yangu inatia huruma. Nashukuru. Nimenawa mara mbili.

Alhamisi, 5 Agosti

Leo mpango ulikuwa mzuri kweli. Nilisimama chini ya mkaratusi, pale njia inapoanzia, nipokee salamu zote mimi. Wakifika uwanjani ziwe zimewaishia.

Nilisahau jinsi tulivyo. Mtu anauliza nyumba, watoto, mbuzi, goti. Kabla hajamaliza anafika mwingine, na huyo lazima awasalimie wote waliomtangulia. Wakajaa kama siku ya gulio. Maximilla akasema jua linazama, twendeni. Wakaenda wote kwa pamoja.

Uwanjani alikuwapo Mama Birgita, muuguzi wa Kibondo. Hata wenzake humwonea huruma akishika fimbo. Kapiga, na mpira, Mungu anajua kwa nini, ukaingia shimoni. Papo hapo kundi zima likamwinamia na kupiga makofi. Akadhani anashangiliwa. Akainama naye. Walipoona ameitikia, wakapiga tena. Naye akapiga. Nani angekuwa wa kwanza kuacha? Bwana Pitasi alitazama saa yake mara nyingi. Mimi nilikuwa nyuma ya mkaratusi.

Ijumaa, 6 Agosti

Bwana Pitasi ameuliza nani aliyekusanya umati. Nimefungua mdomo. Sauti ikaenda zake. Amesema basi, hakuna haja ya kungoja Jumatatu. Seng'enge itafungwa kesho jioni, mchezo ukiisha.

Umebaki mpango mmoja. Kesho asipite mtu. Wazungu waone njia tupu, waone haina madhara. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba wazungukie darajani, siku moja tu. Wamekubali wote, hata Maximilla, na hakuna aliyeniuliza sababu. Nimerudi na maharage, mkungu wa ndizi na boga. Wanajua jinsi ninavyopika tangu uondoke. Watu ni wema, Immakulata. Boga nimeliunguza.

Jumamosi, 7 Agosti

Njia tupu. Hata kuku hakupita. Nilijivuna sana.

Mama Birgita alipofika shimo la tatu akasimama, akatazama huku na huku. Kapiga, mtaroni. Kapiga tena, mtaroni. Kisha Bwana Pitasi akapiga pigo zuri kuliko yote ya maisha yake, mpira ukalala pembeni kabisa ya shimo. Kimya. Upepo tu. Nikamwona naye akitupa jicho njiani.

Mama Birgita akamuuliza Athuman, aliyekuwa ameleta soda, watazamaji wake wako wapi. Nikaomba moyoni anyamaze. Athuman na kunyamaza wapi na wapi. Akasema, mama, wale si watazamaji, wanasalimia watu walio kazini. Akasema leo mzee Nestori amewakataza kwa ajili ya seng'enge. Halafu akasema mke wa mzee yuko mwisho wa njia hii.

Bwana Pitasi akauliza, ana shamba huko?

Athuman akasema, hapana bwana. Amelala huko.

Bwana Pitasi alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya matope. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, niende nikawaite wale mama.

Wamekuja, Maximilla mbele. Wakainama, wakapiga makofi. Bwana Pitasi akalaza fimbo chini akaitikia. Vibaya, lakini ameitikia. Kibondo wameshindwa, birika limebaki hapa, na njia imebaki ilipo. Seng'enge amenipa mimi. Maximilla akaiomba pale pale kuzungushia maharage yake, mbuzi wake wanayamaliza. Ningemnyimaje?

Jumapili, 8 Agosti

Umetuona leo. Yule mrefu mwekundu ndiye Mama Birgita. Aliomba mwenyewe kuja. Amekupigia makofi, mkono mmoja ukichelewa, na dada yako akamrekebisha hapo hapo kaburini. Unamjua. Nimecheka kwa mara ya kwanza nikiwa kwako. Natumaini hukuchukia.

Athuman anasema nimejifunza: siku nyingine nifungue mdomo, sentensi moja ilitosha. Ni kijana mwema na ninamshukuru. Lakini haelewi mambo. Kilichomlainisha Bwana Pitasi ni ile oili. Mtu aliyepigishwa magoti Jumatano huwa laini ifikapo Jumamosi.

Kuna jambo dogo. Mbuzi wa Maximilla wamezuiwa maharage, sasa wanakuja kula maua yako. Ningemwambia tu awafunge. Ila ni shemeji, na nitaanzia wapi? Usijali. Oili imebaki nusu debe, na nina mpango.

Nawa mikono mara mbili, ungesema. Nitanawa. Nawe huko uliko, ukipata nafasi, nikumbuke.

Nestori wako