Bati Lenye Kibonyeo

Injinia alikuwa anapita zake mbele ya studio ya picha alipoliona gari la maharusi limefunguliwa boneti. Akasimama hapo hapo. Lilikuwa gari la zamani, jeupe, lenye mashavu ya duara, la enzi zile magari yalipotengenezwa kwa chuma. Juu ya injini, mahali pa chujio la hewa, kabureta ilikuwa imeachama mdomo wazi, na mdomo huo mwenye gari alikuwa ameuvisha soksi.

Soksi! Injinia alijizuia asipige vigelegele.

Tumweleze huyu bwana kabla hajaanza kuongea, maana akishaanza hatutapata nafasi. Hakuwa injinia wa kitu chochote. Jina alipewa na suti yake ya rangi ya maziwa, iliyopigwa pasi mpaka ikatoa makali, na suti hiyo ndiyo mtaji wake wote duniani. Bila suti alikuwa mtu anayelala kwenye kochi la dada yake mkubwa, mwoka keki za harusi, akila makombo. Ndani ya suti, watu wazima wenye akili zao timamu walimkabidhi funguo za nyumba.

"Pole sana, mzee wangu," alimwambia Mpiga Picha, mwenye gari na studio, kwa sauti ya matanga.

"Pole ya nini?"

"Ya mgonjwa. Linavuta vumbi tupu hili. Unaliziba mdomo kwa soksi, halafu unataka libebe bibi harusi?"

"Chujio lake halipatikani. Maduka yote nimemaliza."

"Utalipataje, wakati halinunuliwi?" Injinia aligusa kabureta kwa kidole kimoja, akakitazama, akatikisa kichwa. "Linatengenezwa kwa vipimo. Kama suti."

Mpiga Picha naye hakuwa malaika. Aliwahi kumuuzia mteja picha ya harusi iliyomkata bwana harusi kichwa, akasema ndio mtindo mpya. Akapiga hesabu kichwani: gari lenye injini inayong'aa litakodishwa kwa bei ya juu zaidi. Akatoa malipo ya kuanzia.

Basi Injinia akaenda kiwandani, yaani jikoni kwa dada yake, ambaye alikuwa sokoni kutafuta mayai. Chujio la hewa ni nini, ukiliangalia bila woga? Ni bati la duara, lina mfuniko, matundu ya kuingizia hewa, na kitu ndani cha kuzuia vumbi. Na bati la duara lilikuwepo rafuni, lile la kuokea keki. Akalikata tundu kubwa chini likae juu ya kabureta, akalitoboa ubavuni kwa msumari, akalijaza sponji la mto wa kochi, akalifunika kwa mfuniko wa sufuria. Rangi nyeusi ikamaliza kazi. Ubavuni lilikuwa na kibonyeo, tangu siku aliyoliangusha yeye mwenyewe zamani. Akakipaka rangi mara mbili, akaendelea na maisha.

Jioni dada yake alipekua jiko zima. "Mdogo wangu, bati langu umeliona? Nina keki ya harusi Jumamosi!"

"Labda umelisahau kwa mteja, dada."

"Tangu lini bati likatembea?"

Kesho yake Injinia alilifunga chujio. Injini ilikohoa, ikasita, halafu ikatulia ikaanza kuunguruma kwa raha. Aliyeshangaa kuliko wote alikuwa Injinia. Mpiga Picha aliinama, akakiangalia kile kibonyeo kwa muda mrefu.

"Na hiki?"

"Njia ya upepo. Hewa inajipinda hapo kwanza, ndipo inaingia."

"Ahaa," alisema Mpiga Picha, akalipa pesa zilizobaki.

Haukupita muda, kijana mmoja mwenye miwani ya jua alimfuata Injinia kwenye kibanda cha chai. Alisema anakusanya magari ya zamani, na ameliona chujio kule studio.

"Nitakutengenezea jingine, bosi, zuri kuliko lile."

"Sitaki jingine. Nataka lile lile, lenye njia ya upepo. Taja bei."

Injinia alitaja bei iliyomtisha yeye mwenyewe. Kijana hakupepesa macho. "Lilete. Nakusubiri hapa hapa."

Kule studio, Mpiga Picha alikataa katakata. "Siuzi. Gari ndio kwanza limeanza kupumua."

Injinia alirudisha pesa zote alizolipwa. Akaongeza za mfukoni. Akaongeza saa. Mpiga Picha akamtazama kutoka begani mpaka visigino. "Na hiyo suti."

Sekunde chache Injinia alisita, na hizo ndizo sekunde pekee za busara katika hadithi hii. Halafu akavua. Alitoka na bati kwapani, kwa fulana na bukta ya kuazima, akakimbia mpaka kwenye kibanda. Kiti kilikuwa kitupu.

"Yule wa miwani?" muuza chai alisema. "Kaenda zake. Ana mambo mengi, anaoa Jumamosi."

Nyumbani, dada yake alilitazama lile bati jeusi, akaitazama na bukta. "Limerudi?"

"Dada, ngoja nikueleze..."

"Usijichoshe, mdogo wangu. Mpiga Picha kanipigia siku ile ile uliyolifunga. Kila harusi ananiambia, 'Geuza keki, kibonyeo kikae nyuma.' Hata ungelipaka dhahabu angelijua." Akamwonyesha bati jipya mezani. "Asante kwa mchango wako."

Jumamosi Injinia alibeba keki, amevaa aproni. Gari lilikuwa linaunguruma vizuri, lile bati likiwa juu ya kabureta, limetolewa bure na dada kwa kuwa halifai tena kuokea. Na bwana harusi alivua miwani ya jua, akasimama pembeni yake ndani ya suti ya rangi ya maziwa. Iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu ilimkaa kijana vizuri kuliko ilivyowahi kumkaa yeye.

Mpiga Picha alifumba jicho moja nyuma ya kamera. "Tayari! Ila kibonyeo kikae nyuma."

Watu wote wakaigeukia keki. Ilikuwa laini pande zote, haina hata kovu.

Dada akamgusa Injinia kiwiko, naye akaelewa kibonyeo ni nani, akaenda kusimama nyuma ya gari.