Pini ya Kushoto

Jumatatu, 3 Juni

Mama ametoa hukumu. Baiskeli ya marehemu baba, ile ya mashindano yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, haitauzwa wala haitaozea stoo. Mmoja wetu atapewa: mimi, mwanawe wa pekee wa kiume, au Shemeji, mume wa dada yangu. Kila mmoja atapita nayo mbele ya nyumba, mimi Jumamosi, yeye Jumapili. Mama atakaa mlangoni asikilize, maana macho yake siku hizi yana ukungu. Anataka kuisikia baiskeli ya mumewe ikija tena. Atakayemridhisha, ndiyo yake.

Haki iko wapi? Shemeji ni muuza dawa. Kucha zake ni safi mwaka mzima! Mimi ndiye niliyekuwa nikimmulikia baba tochi akitengeneza. Ni kweli nilikuwa nikimmulika machoni, lakini nilikuwa mdogo.

Jioni nimeikagua. Ugonjwa nimeuona palepale. Ukizungusha pedeli inalia tik. Mzunguko mmoja, tik moja. Naukumbuka mlio huo tangu utotoni. Baba akirudi kazini, mtaa mzima ulimsikia tangu kwenye kona, na mama akainuka kuweka chai motoni. Fedheha! Mwendesha baiskeli za mashindano anatangazwa njiani kama muuza barafu. Nitamsafishia jina marehemu. Baiskeli itapita kimya kama paka.

Jumanne, 4 Juni

Nimefungua. Baiskeli hizi za zamani, kila mkono wa pedeli umeshikwa kwenye ekseli na pini ya chuma, bapa upande mmoja. Inagongwa ikaingia, kisha inakazwa na nati. Kuitoa ni kuigonga tu irudi ilikotoka. Kazi ya dakika tano.

Saa tatu baadaye. Pini ya kulia imefumuka kichwa kama uyoga. Nimegonga ukutani, nimegonga chini, nimegonga goti. Mama aliuliza kutoka chumbani kama kuna mtu anabomoa nyumba. Nikamjibu ni mafundi wa jirani.

Ya kushoto ilitoka kwa kuisukuma. Imelika upande mmoja, imelegea, aibu tupu. Basi mkosaji wa mlio ni huyu! Nimeitupa kwenye kopo la misumari.

Pedeli ya kushoto nayo ilinitesa. Nilisimama juu ya spana kwa uzito wangu wote. Baadaye nikakumbuka kwamba ya kushoto hufunguliwa kinyume. Nimeikaza kuliko ilivyowahi kukazwa duniani.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa fundi baiskeli kwa hila. Sikusema ni mimi. Nilisema kuna rafiki yangu, mtu mzito wa kuelewa, amekwama na pini. Fundi alinitazama goti lililofungwa kitambaa akanipa pole nimfikishie rafiki. Akasema mwambie aegemeze mkono wa pedeli juu ya kipande cha bomba kabla ya kugonga, la sivyo ataua gololi za ndani. Akasema jambo jingine kuhusu pini mbili kutazamana kinyume, ila wakati huo nilikuwa nachagua grisi.

Nimerudi na pini mpya. Zinang'aa. Shemeji amekaa sebuleni na kichupa cha mafuta, anasema amekuja kufuta mnyororo vumbi, basi, hana zaidi. Akapendekeza tuitengeneze pamoja, kwani aliyetangulia ni baba wa wote. Maneno matamu! Nimemwambia asante, mchuzi wa wapishi wawili hauliki.

Alhamisi, 6 Juni

Pini ya kulia hatimaye imetoka. Nimefunga mpya zote mbili kutokea juu, kwa usawa, kwa heshima. Nikaijaribu uani.

Mguu mmoja ulikuwa unafika chini kabla mwenzake hajafika juu. Nilichechemea nikiwa nimekaa! Dada alikuwa akianika nguo. Alijiziba mdomo kwa shuka. Akauliza kama baba naye aliendesha hivyo au ni mtindo mpya.

Sasa nimeelewa maneno ya fundi. Moja itokee mbele, nyingine nyuma, ndipo mikono inyooke. Angesema kwa sauti zaidi.

Ijumaa, 7 Juni

Leo mama amekuja stoo mwenyewe, akipapasa ukuta. Amesema kugonga kwangu si kugonga kwa mtu aliyeshikiwa bomba. Akakaa kwenye kigoda, akalishika bomba chini ya mkono wa pedeli kwa mikono miwili, akaniambia nigonge. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akimshikia baba miaka yote ile. Sikuwahi kujua. Mimi nilikuwa na tochi, sikuwa namtazama mtu.

Tulizitoa pini, moja nikaigeuza, zikaingia safi. Hakufumba macho hata mara moja, ingawa nyundo yangu si ya kuaminiwa. Nilimpenda sana mama dakika ile.

Halafu akapapasa pini ya kushoto, akauliza mbona ni mpya. Nikasema ile ya zamani ilikuwa mbovu, mama, ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele, nimeitoa. Akairudia pini kwa kidole. Akasema, haya mwanangu. Akatoka.

Ameridhika hadi ameishiwa maneno.

Jumamosi, 8 Juni

Siku yangu. Nimeamka mapema, nimevaa fulana ya baba ya mashindano. Inanibana tumboni, lakini heshima haipimwi kwa kitambaa.

Nimepita mbele ya nyumba. Kimya! Mnyororo ulikuwa unateleza kama maji mtungini. Mama alikuwa mlangoni, kichwa ameinamisha upande, mikono mapajani. Nikapita tena. Nikapita mara ya tatu. Mara ya nne nikakohoa.

Mama akamuuliza dada nitaanza saa ngapi.

Nilishuka nikamwambia nimeshapita, mama, mara nne. Akatafuta mkono wangu akaushika. Amesema ni baiskeli nzuri, imetengenezwa vizuri, ila yeye haijui. Akanipa pole. Pole, siku ya ushindi wangu! Nilikwenda stoo nikakaa kwenye kigoda chake. Roho iliniuma, sifichi. Kitu pekee cha baba ninachokitaka kwenye dunia hii ndicho hicho, na kinaniponyoka kwa uzuri wake.

Lakini bado Shemeji hajapita. Kama kimya hakikutosha, kelele itamzika kabisa.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji alipokuwa ndani akinywa chai, nilifunga nyundo kwa kitambaa, nikatoa pini mpya ya kushoto. Nikaokota ile mbovu kwenye kopo la misumari nikairudisha. Iliingia kwa kidole. Dhamiri ilinisuta kidogo. Nikaiambia isubiri zamu yake.

Kisha nikaenda kukaa karibu na mama, nishuhudie.

Tik. Kutoka kwenye kona. Nikabana kicheko. Tik. Mama alikuwa akizungumza na dada, akakatisha. Tik. Akanishika goti, lile bovu, kwa nguvu. Tik. Akainuka bila fimbo. Akamwambia dada aweke chai motoni, baba yenu huyo anakuja.

Dada alinitazama, akaingia jikoni. Nikasikia birika likiwekwa. Nilikuwa nimejiandaa kucheka tangu asubuhi na sikuweza.

Shemeji alisimama, amechanganyikiwa, akaanza kuomba radhi kwa kelele. Mama hakumsikiliza. Alipapasa usukani, akashuka hadi mkono wa pedeli wa kushoto, akautikisa, ukacheza. Akalia huku anacheka. Alisema mwaka wao wa kwanza wa ndoa baba aliikaza pini ile, akarudi kimya usiku, naye akadhani ni mwizi akamfungia nje mpaka asubuhi. Tangu siku hiyo baba hakuikaza tena. Alitaka mke wake ajue ni yeye.

Mama akasema baiskeli ni ya Shemeji.

Shemeji, mtu mwaminifu wa kuudhi, alisema hajagusa pini, amefuta mnyororo tu. Akauliza nani basi aliyeirudisha. Wote wakageuka. Hapo nikaona mtego. Nikikiri, sifa ni zangu na baiskeli pengine pia. Nikikiri, nitaulizwa niliirudisha kwa nia gani. Nikainama kufunga kamba za kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Nimelia stoo. Nimemlilia baba, si baiskeli. Baiskeli kidogo.

Jumatatu, 10 Juni

Kumekucha. Sina kinyongo. Mama jana alichoka mno kwa yale machozi, na ninajua sababu: kelele. Mtu mwenye masikio makali namna ile hastahili kusumbuliwa. Hilo somo nimelishika.

Nimeamua kumfanyia wema. Mlango wa jikoni unalia tangu nizaliwe. Dada akiusukuma unalia kwa kirefu, mimi nikiupiga teke unabweka mara moja, na mama husema kwa mlango huo tu humjua kila aingiaye kabla hajasalimu. Maskini, kuvumilia mateso hayo miaka yote! Grisi imebaki kopo zima.

Bawaba ya juu tayari. Nimeujaribu mlango, nikaingia jikoni, haukulia hata chembe. Mama alikuwa jikoni peke yake. Alishtuka, akashika ukingo wa meza, akauliza ni nani.

Mchana nitapaka ya chini.