Ombi la Kuja Kuichukua Elimu ya Binti Yangu Solange

Coronel, Jumamosi, mwezi wa saba

Kwa Waheshimiwa wa Idara ya Kudai Mikopo ya Masomo,
Benki, Ghorofa ya Pili,
Concepción.

Waheshimiwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima na miguu mikavu, maana huku kwetu mvua imeshika tangu Jumatatu. Jina langu ni Herminda Riffo, mke wa Nolberto Ulloa na mama wa Solange Ulloa, ambaye mnamjua vizuri kwa sababu mnampigia simu kila Jumamosi. Mimi niliishia darasa la sita. Nikikosea mahali mnisamehe, nikipatia mjue nimekaza macho.

Solange alisomea upelelezi wa kisayansi wa makosa ya jinai, kwa pesa zenu. Walimwambia polisi wanawahitaji sana watu wa namna hiyo. Alipomaliza, polisi wakasema wanao wa kwao. Sasa siku za kazi anauza dawa za kikohozi, na mwisho wa wiki anakaa kwenye mashine ya malipo ya supamaketi. Kinachoingia chote kinakuja kwenu, na bado hakitoshi. Wenzake hawalipi. Kila uchaguzi ukikaribia wanaambiwa deni litafutwa, basi wanangoja wamekunja nne, na wakimwona wanamwambia, "We Sole, mjinga nini? Subiri lifutwe!" Naye anawajibu, "Subirini nyie. Mimi nataka usingizi."

Silalamiki kwamba analipa. Nimemlea mwenyewe alipe. Nalalamika kwamba analipa pamoja na sisi wote tuliomo humu ndani. Malalamiko nimeyapa namba ili msipotee.

1. Chai. Ninyi ni watu wa hapahapa, mnajua jioni bila kukaa mezani kwa chai, mkate wa moto, parachichi na jibini, siku inakuwa haijaisha. Solange ametoa amri kwamba mfuko mmoja wa chai uhudumie vikombe vinne, kisha uanikwe kwenye kamba. Kila mtu ana kibanio chake cha nguo ili mifuko isichanganyike. Changu ni cha kijani. Padre alipotutembelea alipewa cha bluu. Alikunywa, akanitazama kwa huruma, akasema, "Bi Herminda, haya ni maji yaliyopata habari za chai."

2. Jiko la mafuta ya taa, lile la kupashia nyumba joto. Haliwashwi mpaka pumzi ionekane. Jioni tunajipanga mbele ya taa, tunapumua, naye anakagua mmoja mmoja. Mume wangu aligundua kwamba akivuta sigara kidogo uani kabla ya ukaguzi, pumzi yake huonekana vizuri zaidi. Tulipata joto siku mbili. Lakini mtoto amesomea upelelezi, jamani, mtamdanganya vipi? Na maganda ya chungwa tuliyokuwa tukiyaweka juu ya jiko ili nyumba inukie, sasa anayachemshia jamu. Jamu si mbaya, lazima niseme ukweli.

3. Jibini. Jumanne kipande cha jibini kilikutwa kimepungua. Nyumba nyingine mama angepiga kelele, mambo yakaisha. Kwetu Solange alitoa unga wake mweusi na brashi aliyobaki nayo tangu chuoni, akanyunyizia kifuniko cha sahani, akatuita sote mezani tuchukuliwe alama za vidole. "Baba, kidole gumba. Usitetemeke." "Natetemeka kwa baridi, mwanangu, jiko umelizima wewe!" Majibu hayajatoka, kwa sababu kazi mbili hazimwachi nafasi. Mpaka yatoke, Nolberto anakaa mwisho wa meza, mbali na sahani, na kwa mwanaume wa umri wake haipendezi.

4. Hili nimelifuta kwa ombi la mume wangu.

5. Hili linaniuma kuliko jibini. Mtaani kwetu mtu akiugua au akiunguliwa na nyumba, tunamfanyia completada: tunatengeneza mikate ya soseji, nyanya, parachichi la kuponda na mayonezi, na mtaa mzima unakuja kununua. Wanakuja hata walioshiba. Wanakuja waonekane wamekuja. Nikasema moyoni, deni nalo ni ugonjwa, nikamfanyia mwanangu ya kwake kwenye ukumbi wa mtaa. Jirani yangu Bi Uberlinda alitoa soseji zote bure. Kocha wa timu akaleta mikate. Mimi kosa langu lilikuwa kumwachia Solange parachichi.

Waheshimiwa, alilipaka kwa rula. Ukiuinua mkate kwenye mwanga, unamwona aliyekaa upande wa pili. Soseji alizipasua kwa urefu, kila mtu nusu. Ukumbi ukanyamaza, na kwenye completada watu hawanyamazi, hata ikiwa ya mgonjwa mahututi. Kocha akauliza, "Binti, soseji hii imefanyiwa upasuaji?" Watu wakacheka kidogo, kile kicheko kibaya. Bi Uberlinda hakucheka. Aliumaliza mkate wake, akajifuta mdomo, akaniambia, "Herminda, nimekuja kusaidia, sikuja kufunga." Tangu siku hiyo akiniona anavuka barabara, mtu ambaye tulinyonyesheana watoto kwa zamu. Pesa zilipatikana, ndiyo, mlizipokea wenyewe. Lakini sasa mtaa mzima unatudai parachichi, na kwa deni hilo hakuna ofisi ya kwenda kuomba muda.

6. Kiti. Hapa nitaandika kwa kifupi. Solange haketi tena. Anapita nyumbani kati ya zamu na zamu, koti mwilini, anakunywa amesimama karibu na sinki, anachukua kipande cha mwisho cha mkate, kile kigumu, anasema, "Nikikaa nitazoea, mama," huyoo, ameondoka. Kiti chake nimekiwekea mto ili asisingizie ubaridi. Anaulalia paka. Zamani huyu mtoto alikuwa akicheka mpaka anashika meza asianguke. Sijui kicheko hicho amekiweka wapi. Labda nacho kimeanikwa.

Basi ombi langu ni hili.

Tulipokuwa vijana tulichukua jokofu kwa mkopo, tukashindwa. Wakaja vijana wawili wakalibeba. Walituambia samahani, tukawaambia asante, wakakwaruza mlango wakitoka, yakaisha. Hakuna aliyetupigia simu Jumamosi kuuliza jokofu linaendeleaje. Kwa nini elimu isiwe hivyohivyo? Njooni mwichukue. Imetunzwa vizuri, nimeikagua mwenyewe kadiri mtu wa nje anavyoweza. Alama za vidole: imetumika kidogo, jikoni tu. Madoa ya damu: mara moja, na lilikuwa la nyanya. Saini za kughushi: mpya kabisa. Mambo ya maiti: haijaguswa, Mungu ashukuriwe. Joho la mahafali tulilikodi na tukalirudisha siku ileile, msije mkalitafuta. Fremu ya cheti ni zawadi ya shangazi yake, hiyo itabaki, tutaweka picha ya paka.

Sijui elimu inatolewaje kichwani. Ninyi mnajua zaidi, maana ndio mliotukopesha. Naomba tu mtume mtu mpole mwenye mikono myepesi, asije akaondoka na vingine vilivyomo humo: kuendesha baiskeli, majina ya bibi zake, namna anavyopiga mluzi akioga. Na kujumlisha na kutoa alijifunza shule ya msingi. Hivyo vilikuwa vya bure, ni vyake.

Ikiwa haiwezekani kuitoa yote, toeni nusu, mtuachie Jumapili. Jumapili tu, mtu asidaiwe kuanzia chai mpaka giza.

Na ikiwa hilo nalo ni zito, nina cha kuweka dhamana. Mimi nina madarasa sita. Yamelipwa yote, hayadaiwi hata chaki. Yachukueni badala yake. Nibakizieni kuandika jina langu na kusoma basi linakokwenda, hayo mengine nitauliza watu. La saba sijawahi kuwa nalo na nimefika hapa nilipo, kwa hiyo nadhani hata la sita na la tano nitayazoea kuyakosa.

Kabla sijamaliza, msije mkamlaumu Nayareth, huyo msichana wenu wa simu za Jumamosi. Kazi anaifanya. Karatasi yake anaisoma yote, hata pale panapotisha. Ni mimi niliyeanza kumuuliza kikohozi chake. Nikamwambia maji ya moto, asali na limau. Akaninong'oneza, "Bi Herminda, simu hii inarekodiwa." Nikamwambia vizuri, basi na hao wanaorekodi nao wanywe. Leo amepiga tena, sauti imekauka kama jani, nikamwambia kutoka Concepción ni basi moja tu, kesho aje apate chai ya mezani. Akasema, "Kweli?" Mtu anayekaribishwa chai akajibu hivyo, waheshimiwa, huko kwenu kuna jambo.

Nangoja mniambie siku mtakayokuja, niwahi kufagia. Msalimieni mlinzi wa mlangoni aliyenishikia mwavuli siku nilipokuja huko kuomba muda, dada wa kutoa namba, wote wa ghorofa ya pili, na mama yake meneja, ikiwa bado anaye.

Mimi, ninayewaheshimu na kuwaogopa kidogo,

Herminda Riffo wa Ulloa

N.B. Afadhali bahasha nilikuwa sijaifunga. Leo Jumapili Nayareth amekuja, ameloa chapachapa, keki ameificha ndani ya koti. Solange akaingia kutoka zamu ya asubuhi, akamkuta kwenye kiti cha Nolberto, akamkazia macho. "Wewe nakujua. Ulikaa nyuma kwenye maabara." Mwenzake akaruka: "Wewe! Si ndiwe uliyenimwagia unga mweusi wote kwenye sweta?" Kumbe darasa moja, mkopo mmoja, benki moja. Nayareth anawapigia wengine ili alipe wa kwake, na aliyepangiwa kumdai yeye amekaa kiti cha jirani yake hukohuko ofisini. Kwa hiyo Jumamosi yule anageuka tu, "Umelipa?" "Sijalipa." "Haya." Kisha wanagawana biskuti.

Solange alicheka mpaka akashika meza. Halafu akakaa. Paka alisogezwa. Jiko likawashwa bila mtu kupumua, na kila kikombe kikapewa mfuko wake. Baada ya keki wakaitoa ile sahani ya jibini, wakabishana na brashi zao kama madaktari bingwa, majibu yakatoka. Nolberto hana hatia na amerudishiwa kiti chake. Ni nani mwenye hatia, hilo haliihusu benki.

Kwa hiyo msitume mtu. Elimu inatumika, ya wote wawili. Na ikiwa huko juu kweli kuna anayetaka kulifuta hili deni, mwambieni asiwe na haraka, walau asiliguse kabla ya Jumapili ijayo, maana Nayareth anasema likifutwa hatakuwa tena na sababu ya kupiga simu. Bi Uberlinda naye nimemwalika siku hiyo, amesema atafikiria, na hilo kwake ni ndiyo. Soseji zitakuwa nzima. Parachichi nitapaka mimi.